Tangi Lisilovuja

Jumatatu, 8 Julai

Shule imefunguliwa leo na nimeanza daftari hili kwa sababu moja tu: siku ikiulizwa nani alisema nini na lini, tarehe ziwepo.

Saa nne Mkuu wa shule, Mwalimu Filipo, aliniita ofisini. Mwalimu Loyce wa Kiswahili anaanza likizo ya uzazi wiki ijayo. "Kidato cha nne utawashika wewe, Mwalimu Stanley." Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hisabati, mwaka wa tisa huu, na hapa shuleni wa hisabati niko peke yangu. Akasema, "Kwani Kiswahili si lugha yako?" Nikamjibu kwamba ugali nao ni chakula changu, lakini sijasomea upishi. Akageukia dirishani, kawaida yake jambo likiwa gumu.

Likizo ni siku 84. Wakizaliwa mapacha ni 100. Nimemwombea mtoto mmoja mwenye afya.

Na hili niliandike. Nafasi ya mtaaluma, msimamizi wa masomo ya shule nzima, iko wazi tangu Aprili. Mimi nilifyatua matofali Kiomboi miaka minne huku nasoma usiku, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli, nikarudia, nikafaulu, nikaenda chuo. Sikubebwa na mjomba wala mchungaji. Nafasi ile naistahili kwa njia yoyote utakayopiga hesabu. Badala yake napewa mashairi.

Jumatano, 17 Julai

Upepo. Vumbi mpaka kwenye boksi la chaki. Kipindi cha kwanza cha Kiswahili kimepita bila ajali.

Jumatatu, 22 Julai

Ajali imetokea.

Mada ilikuwa tamathali za semi. Tashbiha niliipita salama: kitu hiki ni kama kile, yaani mlinganyo. Sitiari ni mlinganyo uliofichwa alama yake. Mubaalagha ni kuzidisha. Tafsida ni kupunguza makali. Nikaanza kuona kumbe fasihi nayo ina utaratibu. Halafu nikafika kwenye kejeli. Kitabu cha kiada kinasema ni kusema kinyume cha ukweli kwa kusudi la kukosoa au kudharau. Mfano: mwanafunzi amechelewa, mwalimu anamwambia, "Umewahi sana leo."

Nikawaambia darasa mfano ule una kosa. Mtu amechelewa, sentensi inasema amewahi, kwa hiyo sentensi si kweli, na kisicho kweli hakifundishwi. Wakacheka. Najua huwa wananiita Desimali nikigeuka ubaoni, nimezoea. Kicheko cha leo kilikuwa cha aina nyingine.

Akanyoosha kidole Witness, msichana wa dawati la mbele. Kwao ni Rungwa, kule pembezoni kwenye pori la akiba, baba yake anarina asali. Anakaa bweni. Hasemi ovyo.

"Mwalimu, huyo aliyechelewa anajua kwamba amechelewa?"

"Anajua."

"Na mwalimu anajua kwamba anajua?"

"Bila shaka."

"Sasa hapo nani amedanganywa?"

Nikatafuta. Sikumpata aliyedanganywa. Nikasema tutaendelea kesho. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Ijumaa, 26 Julai

Nimempigia simu Mwalimu Loyce, nikamwomba radhi kwa kumsumbua katika hali yake. Akasema afadhali kuongea na mtu kuliko kuhesabu mabati ya dari.

"Mwalimu Stanley, kejeli ni sentensi nusu. Nusu unaisema wewe, nusu anaimaliza msikilizaji kichwani mwake. Asiye na ile nusu ya pili hacheki."

"Na akicheka?"

"Akicheka ujue alikuwa nayo."

Akanipa na ndugu wengine wa kejeli. Dhihaka ni dharau ya waziwazi, haifichi kitu. Tashtiti ni kuuliza jambo ambalo jibu lake unalijua. Kuna kinaya cha hali, ambapo hakuna anayesema kitu, mambo yenyewe ndiyo yanageuka kinyume: zimamoto inaungua. Na kuna kinaya cha jukwaani, ambapo watazamaji wanajua jambo asilolijua mhusika. "Huyo anaweza kuongea ukurasa mzima kwa fahari," alisema, "na ukumbi mzima unamwonea huruma."

Nikamwomba mfano wa mhusika kama huyo. "Utakutana naye tu," akasema.

Nimechora jedwali la safu tano. Sasa angalau vimekaa kwenye visanduku.

Jumapili, 4 Agosti

Jedwali limeniharibia Jumapili. Kanisani, mchungaji akiwa anaendelea, nilianza kukumbuka sifa nilizowahi kupewa hapa shuleni na kuzipanga kwenye safu.

Mwalimu Felista wa historia, kila ninapoingia chumba cha walimu: "Bingwa wetu kaingia." Miaka tisa. Nilikuwa naitikia, "Asante, Madam." Nilikuwa naitikia!

Mzee Alute, mwenyekiti wa bodi ya shule, mwaka juzi mbele ya wazazi: "Mwalimu Stanley ni mtu wa hesabu, hata akisalimiwa anahakiki." Nilisimama nikainama kushukuru.

Nimefikisha kumi na nne. Tisa ni kejeli bila shaka, tatu ni za kweli, mbili sijui ziende wapi. Nikamuuliza mke wangu.

"Rahabu, ukisema mimi ni mwepesi wa kuelewa, huwa unamaanisha?"

Alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua uso. "Baba Editha, tumeoana miaka kumi na mbili, ndiyo umeuliza leo?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mwepesi sana."

Kumi na tano.

Jumatatu, 12 Agosti

Loyce amejifungua mapacha, wote wazima. Siku mia.

Alhamisi, 22 Agosti

Insha. Niliwapa mada "Sifa za Shule Yetu", maneno 350. Iliyo bora itasomwa kwenye mahafali mbele ya mgeni rasmi, baada ya risala.

Nina namna yangu ya kusahihisha na siionei haya. Urefu wa aya napima kwa rula. Kosa la tahajia linaondoa nusu maksi, alama ya uandishi robo. Neno likizidi, maksi inapungua. Hakuna upendeleo unaoweza kujipenyeza hapo.

Wa kwanza ni Witness, 96.5. Maneno 350 kamili, sentensi 31, makosa mawili. Na kwa kuwa siku hizi siamini mtu, niliichukua na kuipima kwa kipimo cha kejeli: je, kuna sentensi iliyo kinyume cha ukweli? Nikazipitia zote thelathini na moja, moja baada ya nyingine, kwa penseli. Hakuna. Kila kilichosemwa ni kweli. Nanakili sehemu:

"Tangi letu la maji ni imara. Tangu lilipozinduliwa na Mwenyekiti wa Bodi halijavuja hata tone moja. Vitabu vyetu vya fizikia ni vipya kama vilivyoletwa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuvichafua. Wasichana wa bweni wana afya njema, kwani kila alfajiri hufanya mazoezi ya viungo wakiwa na ndoo. Mwenyekiti wetu hapendi kutusumbua tukiwa darasani. Huja siku za wali tu. Na mwalimu wetu wa Kiswahili wa sasa ni mwenye haki kuliko wote: husahihisha kwa rula."

Hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili. Mara nyingine mtu anahitaji kuonwa, hata na mtoto wa miaka kumi na minane.

Jumanne, 3 Septemba

Joto. Hakuna jipya.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimempelekea Mkuu insha kwa ajili ya ratiba ya mahafali. Hakuifungua. "Ukishaipitisha wewe, imepita," akasema, akaigonga muhuri. Hiyo nimeiweka kwenye zile za kweli.

Felista aliiomba aisome. Alisoma taratibu, akanirudishia, akanitazama muda mrefu.

"Umeisoma, Mwalimu Stanley?"

"Mara tatu."

"Yote?"

"Sentensi thelathini na moja."

"Haya. Mimi siku hiyo nitakaa mbele." Akatoka amejifunika mdomo na kitenge.

Wivu. Somo lake la historia halina insha kwenye ratiba.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika usiku huu huu, maana kesho nitakuwa nimeanza kujidanganya.

Mahafali yalianza saa nne na nusu. Turubai mbili, viti 240, kuku wa kutosha. Mgeni rasmi alitoka wilayani. Mzee Alute amevaa suti ya kijivu, amekaa mkono wa kulia wa mgeni. Nyuma yao tangi lenyewe, saruji, lita elfu hamsini, na kibao cha marumaru chenye jina lake.

Baada ya risala mshereheshaji akamwita Witness. Akasimama wima, sauti safi, hana hata dalili ya tabasamu.

Aya ya kwanza kimya. Halafu: "Tangu lilipozinduliwa na Mwenyekiti wa Bodi halijavuja hata tone moja."

Nyuma kabisa mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Akafuata mwingine. Halafu turubai zima likalipuka, watu wanapigana mabega, wazee wanafuta machozi, vidole vinaonyesha tangi. Mimi nilisimama kando ya kipaza sauti nikifurahi. Niandike hivyo hivyo: nilifurahi. Nilidhani wanaipenda insha. Nilikuwa hata napiga makofi.

Kwenye vitabu vya fizikia wanafunzi wakaanza kupiga miguu chini. Vitabu viko kabatini, vimefungwa, na ufunguo alihama nao mwalimu aliyepita. Kwenye ndoo mama zao wakapiga vigelegele kwa sauti ya kukasirika. Nikaacha kupiga makofi. Kwenye siku za wali mgeni rasmi aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na Mzee Alute akawa anatazama mbele tu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Halafu ile ya rula. Watu mia mbili na zaidi wakanigeukia kwa pamoja.

Mimi ndiye mhusika niliyeambiwa nitakutana naye. Nimesimama jukwaani, nimechomekea, nimebana rula mfukoni. Nilikuwa nayo mfukoni.

Witness akamaliza, akapiga goti kwa wageni, akarudi kukaa. Hakunitazama. Wakati wa chakula Mzee Alute alipita karibu yangu.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Katika miaka tisa hakuwahi kuacha kuitikia shikamoo ya mtu yeyote.

Jumapili, 6 Oktoba

Sijaenda kanisani. Rahabu ameniletea uji. Baadaye akacheka peke yake jikoni, akajizuia, akacheka tena.

Jumatatu, 7 Oktoba

Barua imefika. Witness amezuiwa kuingia darasani kwa "kumdhihaki kiongozi wa shule mbele ya mgeni wa serikali". Bodi itakaa Ijumaa ya tarehe 18 kuamua kama afukuzwe. Mtihani wa taifa ni tarehe 11 Novemba.

Nimepiga hesabu. Akifukuzwa anaondoka bwenini siku hiyo hiyo. Mpaka Rungwa ni mabasi matatu, siku mbili barabara ikiwa nzuri, na mvua zikiwahi haitakuwa nzuri. Baba yake huingia porini na mizinga wiki nzima. Nani atamrudisha kufanya mtihani, na akirudi atalala wapi? Kwenye karatasi anafukuzwa shule. Kwa kweli ni miaka minne inayofutwa.

Na anastahili adhabu. Nitalisema hilo. Alinifanya kichekesho kwa mwandiko mzuri, na mimi nikampa 96.5.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilimkuta nyuma ya bweni anafua. Akasimama, mikono ina povu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Insha yako ilikuwa kejeli?"

"Mwalimu ulifundisha kwamba kejeli ni kusema kinyume cha ukweli."

"Usinijibu kwa maneno yangu."

Akatazama beseni. "Ilikuwa kejeli, mwalimu."

"Na mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Yalikuwa yamebaki maneno kumi na matano kufikisha 350, nikatafuta kitu cha kweli." Akapangusa povu. "Nilijua utaizuia. Niliandika ili wewe uisome, uniite, uniulize habari ya maji. Walimu hamwulizi. Mwezi wa tano Kristina wa kidato cha pili aliumwa na nyoka kule mchangani tunakochota maji, kukiwa hakujapambazuka. Risala ikaandikwa bila hilo. Nikajua mwalimu atasoma, ataona. Ulipoipitisha nikasema labda umeona, na umekubali."

Nilijua Kristina alikuwa amelazwa. Sikuwahi kuuliza aliumwa akiwa wapi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mzee Alute amekuja nyumbani. Rahabu alimpa kiti na maziwa ya mgando, akatupisha.

Hakupiga kelele. Alinitaka niandike karatasi moja kwa bodi: kwamba msichana alinihadaa, kwamba alinisomea insha moja na kwenye mahafali akasoma nyingine.

"Mzee, alisoma ile ile."

"Najua. Lakini wewe ukisema hivyo unabaki mtu aliyedanganywa. Usiposema unabaki mtu asiyejua kusoma. Nafasi ya mtaaluma tunaijadili siku hiyo hiyo, na mtaaluma asiyejua kusoma hatumwezi."

Kisha akazungusha kikombe mkononi. "Unadhani sijui tangi halina maji? Nalipita kila Jumapili. Mawe ya msingi nilibeba na mimi, kwa bega hili. Tuliahidiwa pampu, haikuja. Ningefanya nini, nilibomoe?"

Nikamwonea huruma, na sikutaka kumwonea huruma.

Nilisema nitafikiri. Alipoondoka, Rahabu akauliza, "Umeitika?"

"Bado nafikiri."

"Fikiri, baba Editha. Wewe ni mwepesi."

Kwa mara ya kwanza nilielewa papo hapo.

Jumanne, 15 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimeandika ile karatasi, mistari sita. Iko ndani ya kamusi.

Jumatano, 16 Oktoba

Joto kali. Witness ameonekana akisoma dirishani kwa nje, kipindi cha baiolojia, amesimama juani na daftari. Mwalimu wa baiolojia aliongeza sauti akajifanya anakohoa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo nimefanya kazi ninayoijua. Asubuhi kabla ya kengele niliondoka na wasichana kwenda kwenye vishimo vya mchangani, nikihesabu. Hatua 3,140 kwenda, na kurudi 3,388, kwa sababu mwenye ndoo kichwani hatua zake ni fupi. Tangi nimepanda kwa ngazi, nikafungua mfuniko, nikachungulia. Buibui na kiota cha ndege. Tangu kuzinduliwa mpaka kesho ni siku 1,039. Kabati la fizikia nimepiga kitasa kwa jiwe mbele ya Felista. Vitabu 45, vyote bado vina harufu ya kiwandani.

"Sasa unavunja na mali ya umma, bingwa?" Felista aliuliza.

"Andika umeshuhudia vitabu vingapi."

Akaacha kucheka. Akaandika, akatia sahihi. Kisha akasema, "Mwalimu Stanley, mimi ningekwambia siku ile. Nilidhani unajua, nikafikiri una moyo kweli kweli." Sijui ya safu gani hiyo. Nimeiacha nje ya jedwali.

Karatasi ya mistari sita bado iko kwenye kamusi. Sijaichana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kikao kilianza saa tatu katika maktaba. Wajumbe tisa, Mzee Alute kiti cha mbele, Mwalimu Filipo katibu, anaandika muhtasari. Witness alisimama mlangoni, hakuambiwa akae. Mimi niliitwa wa pili. Karatasi ile ilikuwa mfukoni mwa shati, na hesabu zangu mkononi. Nakiri kwamba mpaka naingia nilikuwa sijui nitatoa ipi.

"Mwalimu Stanley," alisema Mzee Alute, "swali ni moja. Hii insha ni sifa au ni kejeli?"

Nilimtazama Witness. Alikuwa amekaza macho kwenye sakafu, midomo inacheza kama mtu anayejisomea. Baadaye niligundua alikuwa anarudia fomula za kemia.

"Shikamooni, wazee. Mwenyekiti, mimi si mtu wa fasihi, hilo mlilithibitisha kwenye mahafali." Wawili walikohoa. "Kwa hiyo naomba nitumie kitabu. Kejeli, kwa kitabu cha kiada kilichoidhinishwa, ni kusema kinyume cha ukweli. Nimekagua sentensi zote thelathini na moja. Vipimo hivi hapa. Sijaona iliyo kinyume cha ukweli. Bodi ikinionyesha moja tu, mimi mwenyewe nitaandika barua ya kumfukuza."

"Moja?" Mzee Alute akavaa miwani. "Hii hapa. 'Halijavuja hata tone moja.' Hii ni nini kama si dhihaka?"

"Limevuja lini, mzee?"

"Halijavuja!"

"Basi ni kweli."

"Ni kweli, lakini maana yake..." Akasimama hapo.

"Maana yake nini, mwenyekiti? Mimi nilisoma nikaona tangi imara. Siku 1,039 bila kuvuja. Kama kuna maana nyingine, mimi sikuiona, na mwanafunzi hakuiandika. Anayeiona ndiye aiseme."

Upepo ulikuwa unagongagonga bati moja lililolegea.

"Halijavuja kwa sababu..." alisema Mzee Alute, na tena akaishia hapo.

"Kwa sababu gani, mzee?" Huyo hakuwa mimi. Alikuwa Mwalimu Filipo, kalamu juu ya karatasi. Hakutazama dirishani.

"Usiandike hilo."

"Nimeshaandika mpaka 'kwa sababu'. Muhtasari unakwenda wilayani, mzee. Hauwezi kwenda na sentensi iliyokatika."

Bi Amne, mjumbe wa wazazi, ambaye binti yake yuko bweni, akajifunga khanga vizuri. "Mwenyekiti, malizia tu. Siku ile tulicheka wote. Hakuna ambaye haijui hapa."

Mzee akavua miwani. Nilidhani atanifukuza mimi na msichana kwa pamoja. Alikaa hivyo dakika nzima, naijua kwa sababu saa ya ukutani iko juu ya kichwa chake. Niliona mkono wangu umeingia mfukoni umeishika ile karatasi, umeikunja mpaka imekuwa kama kijiti.

"Kwa sababu halijawahi kuwa na maji," alisema. "Andika, katibu. Halijawahi kuwa na maji, na mimi nilikata utepe nikijua."

Kalamu ya Filipo ikakwaruza mpaka mwisho wa mstari.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Wajumbe saba kwa wawili: mwanafunzi arudi darasani leo leo, na suala la pampu lipelekwe wilayani kwa maandishi na kikao hiki kama kiambatisho. Mzee Alute alikuwa mmoja wa wawili. Alipokuwa anatoka alisimama mbele yangu.

"Mwalimu, umetusaidia sana."

"Asante, mzee," nikasema. Na sijui mpaka sasa, na nimeacha kutafuta.

Nje Witness alipiga goti kunishukuru. Nikamwambia ainuke, amekosa vipindi tisini, mbinu za uandishi ajisomee mwenyewe, na maksi 96.5 nimezifuta. Akashtuka.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Niliisahihisha bila kuielewa. Nitaisoma upya."

Jumanne, 22 Oktoba

Mtaaluma ni Mwalimu Felista. Imebandikwa ubaoni tangu asubuhi. Nilikwenda kumpa mkono.

"Hongera, Madam."

"Ya kweli hiyo, au ya kitabuni?"

"Ya kweli," nikasema. "Karibu yote."

Nimeumia, na sitaandika zaidi ya hapo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Loyce amerudi kazini. Nimemkabidhi darasa, jedwali, na insha ya Witness niliyoisahihisha mara ya pili, bila rula. Alisoma nilichoandika pembeni, akasema, "Mwalimu, umempa 88 tu?" Nikamwambia sentensi inayonihusu ni kejeli nzuri, lakini haikuendana na hoja kuu, na aliiweka kwa kuwa alikuwa anatafuta idadi. Idadi si sababu. Loyce alinitazama kama aliyekuta ng'ombe anapanda ngazi.

Jumanne, 5 Novemba

Mawingu upande wa Sekenke. Hayakunyesha. Wilayani hawajajibu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtihani. Wasimamizi wametoka shule nyingine na sisi walimu haturuhusiwi kusogea, kwa hiyo nimesimama kwenye kona ya nyumba yangu, ng'ambo ya uwanja. Askari ananitazama, nami namtazama. Waliosajiliwa ni sitini na nne.

Walianza kuingia saa moja na dakika arobaini. Nimehesabu migongo. Hamsini. Sitini. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Msimamizi akatoka mlangoni, akatazama saa, akatazama kushoto na kulia. Nikahesabu upya kichwani kuanzia wa kwanza. Sitini na tatu. Rahabu alikuja akasimama nyuma yangu, mikono ina unga.

Halafu akatokea kwenye njia ya mchangani, Witness, anatembea haraka haraka kwa hatua fupi, shati limelowa mabegani. Leo ilikuwa zamu yake ya maji na hakuna aliyeibadilisha. Akafika barazani, akaitua ndoo ukutani, akapangusa mikono kwenye sketi, akaingia.

Sitini na nne.

Mlango umefungwa. Ndoo iko pale nje, imejaa mpaka ukingoni, na hakuna aliyeigusa.